Usiku wa lori la marumaru hapa Kibamba (na aliyeondoka na jeki yangu airudishe)

Spana24

Wakuu salaam. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, kuanzisha uzi sio kawaida yangu, ila hili limenikaa kooni tangu Alhamisi na nisipolitema silali. Pia nina shida yangu binafsi ya jeki, nitaieleza huko chini, msiruke.

Mimi ni fundi wa malori, gereji yetu iko pembeni ya Morogoro Road huku Kibamba, na kijiwe cha boda kiko mbele yetu kabisa. Miaka miwili nyuma alikuja afande mmoja wa zimamoto kutengeneza gari yake binafsi, siku hiyohiyo ikatokea ajali hapo mbele, akaona tunavyoikimbilia akashika kichwa. Akauliza nyie huwa mnafanyaga hivi siku zote? Tukamjibu kwa fahari kabisa ndio afande, huwa tunaokoa. Akasema hapana, nyie huwa mnamalizia. Basi tangu hapo akawa anakuja Jumapili mojamoja anatufundisha, mafundi sita na madogo wa boda kama tisa, bure, tunamnunulia soda. Hatuna jina wala sare. Tuna rifleksta nne, glavu za kuchomelea, tochi, mitaimbo miwili, vipande vya mataruma ya mbao vya kuzuilia tairi, na jeki yangu ya tani 20.

Sasa usiku wa kuamkia Alhamisi saa tisa kasoro nililala gereji, kuna injini ya mtu ilikuwa inatakiwa asubuhi. Nikasikia ule mlio. Aliyewahi kuusikia ananielewa, bati kubwa linakunjwa mara moja alafu kimyaaa, alafu marumaru zikaanza kumwagika kama mtu kapindua kabati la vyombo la harusi.

Kumbe kuna semi lilikufa tangu saa nne usiku kwenye leni ya katikati, wenyewe wakaweka matawi ya mwarobaini nyuma wakalala. Majani ya kijani, lami nyeusi, saa tisa usiku. Huyu wa marumaru anatokea Chalinze kaja kaingia mzimamzima, kichwa chote kimekunjika kwenye tela la mwenzie.

Nikatoka mbio na kitu cha kwanza mwili unataka ni kukimbilia mlango kuvuta mtu. Afande alitufundisha ukifika simama, mikono mfukoni, hesabu mpaka kumi unaangalia tu. Aisee hiyo kumi ni ndefu, mtu analia ndani na wewe umesimama kama umekuja kununua gazeti. Ila ndani ya hiyo kumi ndo niliona dizeli inatiririka kutoka kwenye tangi kuelekea mtaroni, na nikaona kichwa kinacheza, hakijatulia, ukipanda vibaya kinamshukia aliyeko ndani.

Madogo wawili wa boda wakarudi nyuma kama mita 200 na tochi na rifleksta kusimamisha magari. Hii kazi hakuna anayeitaka maana huonekani kwenye video ya mtu, ila gari la pili likija kwa spidi linazoa waokoaji wote. Mwingine akapiga 114. Mwingine anasimamisha malori yanayopita anaomba mitungi ya moto, akapata minne, miwili mshale uko kwenye nyekundu, hamna kitu ndani, ni mapambo ya kumuonyesha trafiki.

Mimi na mwenzangu tukaweka mataruma kwenye tairi, tukafungua batri. Malori mengi yana batri mbili, volti 24, na unaanza na waya wa hasi, maana ukianza na chanya spana ikagusa bodi hizo cheche zinaruka juu ya dizeli. Alafu jeki tukaikaza chini ya bampa, tena sio kunyanyua, kushikilia tu kichwa kisiendelee kushuka. Kumbukeni hapo kwenye jeki.

Tingo alishatoka mwenyewe dirishani, mkono umevunjika unaning'inia, anazunguka barabarani anatafuta kiatu. Yeboyebo ya mguu mmoja. Tunamkalisha, anasimama, "nimeona kiatu changu?" anatuuliza sisi kama yeye kakiona.

Dereva miguu yote iko chini ya dashibodi na usukani umemkaba tumboni, yuko macho. Nikapitia upande wa tingo, nikajipenyeza nyuma ya siti, nikamshika kichwa kwa viganja viwili nikamwambia kaka usigeuke, ongea na mimi huku unaangalia mbele. Akauliza wewe nani. Nikamwambia fundi. Akakaa kimya alafu akasema, "fundi, breki zilikuwa nzima." Nilikaa vile karibu saa nzima.

Ngoja nipokee simu narudi.

Kiti_cha_Mbele

Nimeweka kigoda hapa, kahawa na kashata pembeni. Mleta uzi ukichelewa na simu yako tunakufuata Kibamba.

MtotoWaTemboni

Mimi nilikuwa kwenye ile foleni upande wa kwenda mjini, nilitoka Kibaha saa tisa na nusu nikafika Mbezi saa kumi na mbili. Tulijua ni trafiki wamefunga tu tukawa tunatukana. Samahani kwa niaba ya wote tuliotukana.

Spana24

Nimerudi. Sasa sehemu inayoniuma ndo hii. Dizeli inamwagika, mtu kabanwa, na watu wameshafika labda mia mbili saa tisa usiku, sijui wanatokaga wapi. Kuna wanaobeba marumaru, boksi mbilimbili kwenye boda. Kuna jamaa kaweka dumu chini ya tangi anakinga, sigara kaibana sikioni. Na kuna kundi la tatu, hawa ndo wenye roho nzuri kabisa na ndo walitaka kumuua dereva. "Mtoeni! Mnasubiri nini, mtu anakufa nyie mnaangalia!" Wakaja na Fuso na mnyororo, mmoja akapanda anataka kuufunga kwenye usukani wavute. Mnyororo kwenye usukani, na usukani uko tumboni kwa mtu!

Fundi mwenzangu akasimama mbele ya lile Fuso kashika mtaimbo, akasema anayetaka kuvuta aanze na mimi. Tulitukanwa matusi ambayo hata gereji sijawahi kuyasikia, na gereji mnaijua. Mama mmoja muuza uji ndo alituokoa, alipaza sauti moja tu, "mwacheni fundi afanye kazi yake, nyie nani kawaita?" wakapoa.

Zimamoto taa zao nilikuwa naziona kwa mbali zinamulika, haziji. Foleni imejaa, watu wametanua mpaka pembeni ya lami, leni zote hizo barabara imefungwa kama chupa. Madogo wakaenda na boda kuwafungulia njia ikashindikana, basi maafande wawili wakashuka wakapanda boda, wamepakata ile mashine ya kutanulia chuma kama mtoto mgonjwa anapelekwa zahanati. Walipofika yule mkubwa akauliza maswali mafupimafupi, kabanwa tangu saa ngapi, batri imekatwa, mmemnyanyua popote? Nikajibu. Akasema endelea kushika kichwa hivyohivyo. Mwanangu, hiyo sentensi nimeiweka moyoni kuliko hela yoyote ya injini.

Wakakata nguzo ya mlango, wakasukuma dashibodi mbele sentimita kwa sentimita, dakika ishirini na kitu, akatoka kwenye ubao. Yuko hospitali, mguu mmoja umefanyiwa operesheni, anaongea. Kulipokucha nikaenda kuchukua jeki. HAIPO. Mataruma yapo, mitaimbo ipo. Jeki ya tani 20 ina alama ya rangi ya bluu kwenye kitako. Aliyeichukua najua humu yupo au ndugu yake yupo.

SistaZamuYaUsiku

Pole na hongera kaka fundi. Mimi ni nesi chumba cha dharura, sitasema wapi, naomba niongezee maana mnaowaleta tunawapokea sisi.

Asilimia kubwa ya kazi yako ilikuwa hapo kwenye kichwa. Tunapokea watu ambao ajali iliwavunja mguu tu, alafu wasamaria wakawabeba mmoja kashika makwapa mwingine miguu, wakamkunja kwenye bajaji kama gunia la mkaa, anafika hasikii kuanzia kiunoni kushuka. Uti wa mgongo ukishakatika hakuna kuunga. Kama hakuna moto na gari halizami muacheni palepale, shikeni kichwa, ongeeni naye. Kama lazima atoke basi ubao, mlango, hata meza ya muuza chips, mumgeuze wote kwa pamoja, mmoja anahesabu.

Alafu lile swali la afande "kabanwa tangu saa ngapi" sio umbea. Msuli uliobanwa muda mrefu unajaza sumu, potasiamu hasa, ukiachiwa ghafla inarudi kwenye damu inapiga moyo. Ndo zile ajali watu wanasimulia "alikuwa anaongea vizuri tu tulivyomtoa akakata roho." Andikeni saa hata kwa kalamu mkononi kwake. Na akitoka damu ya kuruka, kandamizeni kwa nguvu na kitambaa, ikigoma fungeni juu ya jeraha kwa kanga na kijiti mkaze mpaka ikate, napo andikeni saa.

Maji msimpe hata akilia, anaweza kuhitaji kulazwa usingizi wa operesheni dakika hiyohiyo. Mfunikeni, wanapata baridi sana hata Dar hii.

Huyo tingo wa kiatu mlimpeleka? Mtu anayezunguka anarudia swali lilelile huyo kichwa kimegongwa, asiachwe aende nyumbani. Na mkifika kwenye watu wengi, anayepiga kelele ana pumzi. Anzeni na aliyenyamaza.

Spana24

Tulimpeleka sista, afande alimshika mkono yeye mwenyewe. Alipanda gari bado anauliza kiatu.

DerevaWaTunduma

Nina miaka kumi na saba kwenye hii barabara, nisikilizeni kidogo kabla hamjamchoma wa matawi.

Semi halifi katikati ya leni kwa kupenda. Breki ni za upepo, paipu ikipasuka upepo ukaisha springi za nyuma zinashika zenyewe, zimetengenezwa hivyo ili gari lisikimbie. Hapo hata mje watu hamsini kusukuma haliendi. Labda fundi aje akaze boluti ya kuachia springi kwenye kila chemba, na asiyejua asiguse, ile springi ikiruka inatoboa mtu. Kwahiyo jamaa alikwama kweli.

Ila matawi hapana. Na mimi nimeyaweka, sio kwamba najitoa, miaka ya nyuma Mikumi, Kitonga, kote nimebwaga majani. Pembetatu unanunua, unaweka, unaenda kutafuta maji ukirudi kuna mtu kaondoka nayo. Siku hizi nafunga rifleksta za stika kwenye tela lote nyuma na pembeni, hizo hawaibi, na pembetatu naiweka mbali, sio hatua tano nyuma ya tela kama ua la mlangoni. Lori lililobeba marumaru likitembea 80 linahitaji umbali mrefu sana kusimama, ukiyaona majani umeshafika.

Na usingizi wazee. Mtu katoka na mzigo anaambiwa asubuhi uwe umeshusha. Breki zilikuwa nzima, namuamini. Macho ndo hayakuwa mazima.

BombaMstaafu

Nilitumikia jeshi la zimamoto, sasa nafuga kuku Kiluvya. Vijana mmefundishwa vizuri, huyo afande wenu mnunulieni zaidi ya soda.

Mkipiga 114, ni bure, msiseme "kuna ajali mbaya njooni haraka" mkakata. Semeni barabara gani, UPANDE gani, wa kwenda mjini au wa kutoka, maana barabara ile ikishatenganishwa katikati gari likija upande usio wenyewe linaenda kugeuza huko mbali. Taja kituo cha daladala au sheli iliyo karibu, magari mangapi, kuna aliyebanwa au hakuna, lori limebeba nini. Usikate wewe, akate yeye.

La pili, dizeli na petroli sio ndugu. Dizeli kwa joto letu haishiki kirahisi, inataka ipashwe, ila ikidondokea kwenye turbo iliyotoka kufanya kazi usiku kucha inawaka. Petroli haina subira hiyo. Ule mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unashuka mtaroni, unakwenda kukutana na jiko la muuza mihogo mita nyingi kutoka kwenye tenka. Wewe unaona tenka liko kule, kumbe umesimama ndani ya petroli.

Angalieni kibao cha rangi ya chungwa nyuma ya tenka. Namba ya chini ikiwa 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Ukiona 1203 imelala pembeni kazi yako ni moja, kuondoa watu, na ukae upande upepo unakotokea.

Msamvu, Morogoro, Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019. Tenka lilipinduka, watu wakaja na madumu na ndoo, moto ukawakuta palepale. Walikufa zaidi ya 100. Wengine waliletwa Muhimbili wakawa wanapungua siku hadi siku. Kenya kabla yake, Sachangwan, Januari 2009, vilevile, tenka, madumu, zaidi ya 100. Huyo wa dumu na sigara sikioni mngemwambia hayo majina mawili tu.

MlipaKodi

Mimi sitapiga makofi. Kwanini fundi wa gereji ndo ashike shingo ya mtu saa tisa usiku na glavu za kuchomelea? Tunalipa kodi mpaka kwenye vocha. Na ukifa wewe Spana, jeki ikateleza kichwa kikakushukia, nani atamlipia mwanao ada? Hawa wa kujitolea wanasifiwa siku ya kwanza, siku ya pili wameumia wanachangiwa kwenye grupu la wasapu elfu mbilimbili.

Spana24

Mkuu hilo la mwanangu mke wangu ameshaniuliza kabla yako, tena kwa sauti. Sina jibu. Bima sina. Ila ujue kwamba mia mbili walikuja hata bila kuitwa, watakuja tena kesho. Hakuna ajali ya barabarani hapa Dar ambayo haina watu dakika ya pili. Mimi niko tayari kulala ndani hata sasa hivi, lakini wenye Fuso na mnyororo hawatalala.

MmatumbiWaUjerumani

MlipaKodi ana hoja, ila nimwambie ninachokiona huku. Niko kijiji kimoja kusini mwa Ujerumani, mchana fundi umeme, na ni zimamoto wa kujitolea. Hatulipwi mshahara. Nchi nzima wa kujitolea tuko kama milioni, walioajiriwa ni wachache wako miji mikubwa. Chile ndo kabisa, zimamoto wao ni wa kujitolea nchi nzima tangu karne ya 19. Kwahiyo kujitolea sio dalili ya umasikini. Tofauti ni kwamba nikiumia kazini nina bima, mwajiri wangu analazimika kuniachia kengele ikilia, na nimesoma kwa miezi kabla sijaruhusiwa kugusa ile mashine.

Mwaka jana tuliitwa kwenye lori limegonga lingine mwisho wa foleni, baba mmoja dereva kutoka Ulaya ya mashariki, miguu dashibodi, kama huyu wenu nakala. Nilipangiwa nini mimi? Kushika kichwa. Dakika arobaini na tano. Alikuwa anaongea lugha siijui, namimi namjibu Kiswahili, tulielewana.

Ila kitu kinachonifanya nikumbuke nyumbani nikasirike ni foleni. Huku sheria inasema magari yakianza kujibana barabara kuu, hata kabla hujasikia king'ora, leni ya ndani kabisa inasogea ndani, zingine zote zinasogea nje, katikati unabaki uchochoro. Usiposogea faini, na leseni inasimamishwa mwezi. Lori letu la tani 15 lilipita hapo kama liko peke yake. Kwetu tunaendesha kushoto basi ingekuwa wa leni ya kulia asogee kulia, wengine wote kushoto. Haihitaji hela ya mfadhili hiyo.

MtotoWaTemboni

Na mimi nilitanua siku hiyo. Naandika tu.

Kiti_cha_Mbele

Kahawa imeisha, kashata imeisha. Jeki je?

Spana24

Mrejesho wakuu, leo siku ya tano.

Nimeenda kumuona dereva. Mguu upo, daktari anasema utachukua muda. Kaniomba namba ya mama muuza uji, anasema ndo sauti pekee anayoikumbuka vizuri. Tingo karuhusiwa, yuko kwa shangazi yake, mkono una plasta.

Jeki haikuibiwa, naomba radhi kwa ndugu zenu wote niliowashuku. Gari la kuvuta lilivyokuja alfajiri lilinyanyua kichwa na jeki imenasa kwenye bampa, likaondoka nayo mpaka kituoni. Nimeenda, nimeiona kwa macho yangu, alama ya bluu ileile, imefungwa karatasi na uzi. Kielelezo. Nimeeleza kwamba hiyo haikuwemo kwenye ajali, hiyo ilikuwa upande wa uokoaji, nikaambiwa niandike barua na nisubiri.

Nikachungulia ndani ya kichwa, chini ya dashibodi pale upande wa tingo, nikaiona yeboyebo. Nikaomba. Kiatu nimepewa, jeki sijapewa.

Mwenye jeki ya tani 20, hata 15, ya kuazimisha mpaka hapo kesi itakapofika, anicheki. Niko Kibamba, gereji ya mbele ya kijiwe cha boda, ulizia fundi wa marumaru.